Mzani Mmoja: Sheria Inapotaka Kuieleza Chuki

Katika darsa ya akina mama inayokutana hapa Ngomeni baada ya sala ya alasiri, msichana mmoja wa kidato cha nne alitusomea habari kutoka kwenye simu ya mamake. Ilikuwa habari ya mbali: majimbo kadhaa ya Marekani yametunga sheria zinazoeleza maana ya chuki dhidi ya Wayahudi, ili maelezo hayo yatumike mtu anapolalamika kwamba amebaguliwa. Kakake alikuwa amemwambia kwamba kusudi la sheria hizo ni moja tu, kuwafunga midomo wanaowalilia watu wa Gaza. Yeye alitaka kujua kama ndivyo. Kabla hajajibiwa, nyanya mmoja aliyekuwa akisuka ukili karibu na mlango akauliza lake: "Na sisi, wajukuu wangu, ni nani aliyetueleza sisi, na alitueleza vipi?"

Maswali hayo mawili hayakuisha siku ile. Tumeyachukua, tukayatafutia habari, na kadiri tulivyosoma ndivyo tulivyoona kwamba jibu la moja limo ndani ya lingine. Wiki hii twawaletea wasomaji wetu tuliyoyapata, kwa kuwa jambo hili, ingawa laonekana kuwa la Wamarekani, linaingia majumbani mwetu kila jioni taarifa ya habari inapofunguliwa na watoto wakisikiliza.

Kutoka bahari yetu hii

Tuanze nyumbani. Watoto wetu wamekua wakiitazama mitambo ya Waitaliano iliyosimama baharini mbele ya Ngomeni, katika Ghuba ya Ungwana. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya inaadhimisha uhuru wake, kilirushwa kutoka hapo chombo cha angani kilichopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kilikuwa chombo cha kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Msimamizi wa mradi huo upande wa Marekani alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na wasichana wetu wanaosoma sayansi wafaa kulikumbuka jina lake. Wanasayansi wake waliongozwa na Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel.

Lakini kabla ya Giacconi kulikuwa na mzee aliyemshawishi kuianza kazi hiyo, naye ni Bruno Rossi. Rossi alizaliwa Venice, akawa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Padua. Mwaka 1938 alifukuzwa kazi. Hakuwa ameiba wala kugoma wala kumtukana mtu. Serikali ya Mussolini ilikuwa imetoa amri ya kuwaondoa Wayahudi mashuleni na vyuoni, walimu kwa wanafunzi, naye alikuwa Myahudi. Novemba mwaka huo ikafuata sheria iliyofasili ni nani Myahudi: mtu ambaye wazazi wake wote wawili ni Wayahudi alihesabiwa kuwa Myahudi hata akiwa anafuata dini nyingine. Rossi akahama na mkewe, wakapitia Denmark na Uingereza, wakafika Marekani. Elimu iliyofukuzwa Italia ndiyo iliyozaa wazo ambalo, miaka 32 baadaye, lilipaa angani kutoka maji tunayovua samaki.

Tumeitaja habari hiyo kwa sababu inatufundisha jambo la kwanza kuhusu fasili za sheria. Katika kamusi, fasili ya neno haimdhuru mtu. Katika sheria, fasili ni mlango: kuna anayeingizwa na kuna anayetolewa. Sheria ya Italia ilimfasili mtu ili imtoe. Sheria za leo zinadai kufanya kinyume chake, yaani kuifasili chuki ili mtu alindwe. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kudharauliwa. Hata hivyo swali la kuuliza ni lile lile: maneno haya yakishaandikwa, yatamlinda nani, na yatamkamata nani?

Fasili inayobishaniwa

Fasili inayotajwa zaidi ilipitishwa mwezi wa Mei 2016 na muungano wa serikali unaoshughulikia kumbukumbu ya Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi wapatao milioni sita yaliyofanywa na Wanazi na washirika wao. Fasili yenyewe ni fupi, nayo yasema kwa ufupi kwamba chuki hiyo ni mtazamo fulani juu ya Wayahudi unaoweza kudhihirika kwa uadui, kwa maneno au kwa vitendo, dhidi ya watu, mali au nyumba zao za ibada. Imeambatana na mifano 11. Mfano mmoja ni kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya matendo ya dola ya Israel. Mfano mwingine ni kudai kwamba kuwako kwa dola ya Israel ni mradi wa ubaguzi wa rangi. Waraka huo wenyewe unakiri mambo mawili: kwamba haukuandikwa ili uwe na nguvu ya sheria, na kwamba kuilaumu Israel kama nchi nyingine zinavyolaumiwa si chuki dhidi ya Wayahudi.

Kwa nini basi majimbo ya Marekani yameutia waraka huo katika sheria? Sababu moja ni pengo la kale. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ya nchi hiyo, katika sehemu yake inayohusu shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali, inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, mbari na asili ya taifa. Dini haikutajwa hapo. Mwanafunzi wa Kiyahudi akitukanwa au kutengwa, akili za wanasheria zilihangaika: je, amebaguliwa kwa dini, ambayo haimo, au kwa nasaba yake, ambayo imo? Jimbo la South Carolina lilichukua fasili hiyo mwaka 2018, Florida ikafuata mwaka 2019, na Desemba mwaka huo rais wa Marekani akatoa amri ya kuitaka idara za serikali kuizingatia. Georgia iliitia katika sheria zake mwaka 2024.

Wanaoitetea wana hoja nzito, na haki inatutaka tuzisikie. Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi la mji wa Pittsburgh watu wakiwa katika ibada, akaua 11 kati yao. Ni nani kati yetu, aliyesikia habari za misikiti ya Christchurch miezi mitano tu baadaye, asiyeelewa hofu ya watu wanaouawa wakiwa wamesimama mbele ya Mola wao? Tena wasema kwamba wapo wanaotaja Israel hali wanamkusudia Myahudi jirani yao. Hilo ni kweli, na sisi tunalijua vyema, maana wapo pia wanaotaja magaidi hali wanamkusudia mama aliyevaa buibui kwenye matatu.

Wanaoipinga nao wana hoja, na aghalabu wapingaji hao ni Wayahudi wenyewe. Kenneth Stern, aliyeongoza uandishi wa matini ya kwanza ambayo fasili hiyo ilitokana nayo, ni Myahudi wa Marekani. Mwaka 2017 aliliambia Bunge la nchi yake kwamba matini yale yaliandikwa kuwasaidia wanaokusanya takwimu za chuki, na kwamba kuyatumia kuchunga kauli za vyuoni ni kuyapotosha. Mwaka 2021 wasomi zaidi ya 200, wengi wao mabingwa wa historia ya Kiyahudi, walitia saini Azimio la Jerusalem, linalotoa fasili nyingine na kuonyesha bayana ni kauli zipi kuhusu Israel na Palestina zilizo chuki na zipi zisizo chuki kwa asili yake.

Kwa hiyo, binti yetu, kakako amesema nusu. Wako wanaoiomba sheria hiyo kwa sababu wanaogopa kuuawa, na kuwaita wote waongo ni dhulma. Lakini fasili iliyopanuka kupita kiasi inaweza kumkamata anayelilia haki pamoja na anayepanda chuki, na kulisema hilo pia ni haki.

Na sisi, tulielezwa vipi?

Sasa twarudi kwa nyanya na swali lake. Tarehe 28 Novemba 2002, asubuhi ya mwezi wa Ramadhani, gari lililojaa vilipuzi liliingizwa katika hoteli ya Paradise, Kikambala, ndani ya hii hii iliyo Kaunti ya Kilifi leo. Hoteli ilikuwa ya Waisraeli na wageni ndio kwanza wafike. Watu 13 waliuawa, mbali na washambuliaji. Wengi wao walikuwa Wakenya, wakiwamo wacheza ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Wageni watatu wa Israel walikufa, na wawili kati yao walikuwa watoto, ndugu wa baba na mama mmoja. Asubuhi hiyo hiyo makombora yalilengwa ndege iliyobeba Waisraeli ikipaa kutoka Mombasa, yakakosa. Waliofanya hivyo hawakuuliza ni nani alikuwa na makosa gani. Kwao ilitosha kwamba mtu ni Myahudi, au ni mpishi, au ni mcheza ngoma aliyesimama karibu na Myahudi. Huo ndio mwisho wa chuki hii inapoachwa ikue, nasi tuliuona mlangoni petu.

Mwaka uliofuata serikali ilichapisha Mswada wa Kukabiliana na Ugaidi wa 2003. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichomfanya kuwa mkosaji mtu anayevaa nguo mahali pa umma kwa namna itakayoleta shaka kwamba yeye ni mfuasi wa kundi lililotangazwa kuwa la kigaidi. Hebu tulifikirie neno hilo, nguo. Shaka ya nani? Ya askari aliye kizuizini barabarani, anayemtazama mzee mwenye kanzu na kofia, au mama mwenye ninja. Lengo la mswada lilikuwa kuzuia damu kama ile ya Kikambala, na hakuna mwenye akili aliyelipinga lengo hilo. Kilichopingwa na viongozi wa Kiislamu, wanasheria na watetezi wa haki za binadamu ni upana wa maneno. Mswada ukaachwa, na sheria ya kuzuia ugaidi iliyopitishwa mwaka 2012 ilikuja baada ya majadiliano marefu. Hivyo ndivyo tulivyotaka kuelezwa, nyanya: kwa nguo zetu.

Kuna na upande wa pili, wa kukosa kuelezwa pale tunapohitaji kulindwa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi na kuyataja mambo mengi kwa majina yake, na humo mna dini, mna imani, mna utamaduni, na mna mavazi. Hata hivyo, wasichana wa Kiislamu wa shule moja ya Isiolo walipotaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya shule iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, kesi ilipanda mahakama tatu. Mahakama ya Rufaa, mwaka 2016, iliona kwamba kanuni inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumbagua yule ambaye dini yake inamtaka avae zaidi. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, kwa sababu dai la hijabu halikuwa limeletwa mbele ya mahakama kwa utaratibu unaotakiwa. Familia ngapi zilibaki zimeshika barua ya shule mkononi, hazijui zifanye nini?

Tena kuna Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008, ambayo kifungu chake cha 13 kinaadhibu matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au yote mawili. Chuki inayokusudiwa katika kifungu hicho ni ile dhidi ya kundi linalotambulikana kwa rangi, mbari, uraia au asili ya kikabila au kitaifa. Dini haimo katika orodha hiyo. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 138 kuhusu maneno ya kukusudia kuumiza hisia za kidini. Lakini tazameni jinsi pengo letu linavyofanana na lile la Wamarekani. Muislamu wa pwani ni Mgiriama, ni Mbajuni, ni Mswahili, ni Mwarabu, ni Msomali. Anayetuchukia kwa jumla hatuchukii kwa kabila. Myahudi wa chuo cha Marekani na Muislamu wa Malindi wamesimama mbele ya mlango mmoja, kila mmoja akiuliza: mimi nimeandikwa wapi humu?

Mpaka uko wapi?

Kwa hayo yote sisi twaona hivi. Sheria ya kuzuia ubaguzi inatakiwa imlinde mtu kwa sababu ya yeye alivyo: dini yake, nasaba yake, vazi lake. Dola haina haja ya ulinzi huo. Dola ina jeshi, ina mabalozi, ina mawakili, na mahali pa kuishtaki ni mahakamani na barazani. Afrika Kusini ilipoishtaki Israel katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwezi wa Desemba 2023 kwa yanayotendeka Gaza, iliishtaki dola. Haikuwashtaki Wayahudi.

Anayevuka mpaka huo, kwa upande wowote, anamdhulumu asiyekuwemo. Jirani zetu wa Uganda wanalijua hilo. Karibu na Mbale wako Abayudaya, wakulima Waafrika ambao wazee wao walishika dini ya Kiyahudi tangu zama za Semei Kakungulu, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Idi Amin alivunja uhusiano na Israel mwaka 1972, na katika utawala wake Abayudaya walipigwa marufuku kufanya ibada zao. Wengi waliihama dini, wachache wakasali kwa siri. Mkulima wa Mbale alikuwa na amri gani juu ya serikali ya Israel?

Basi mtoto akisema nyumbani kwamba serikali ya Israel imedhulumu, amesema juu ya watawala na matendo yao, na tumsaidie aseme kwa ushahidi na kwa adabu. Akisema kwamba Wayahudi wote ni wabaya, au ndio wanaoutawala ulimwengu kwa siri, au kwamba waliouawa na Wanazi walistahili, au akitaka mtalii wa Kiyahudi anayepita Malindi ajibu kwa ajili ya jeshi ambalo hakulituma, basi amevuka. Tumzuie papo hapo, kama ambavyo tungependa mama wa Kikristo wa mtaa wa pili amzuie mwanawe anaposema kwamba Waislamu wote ni magaidi.

Wala tusidhani kwamba hayo tumeyaazima kwa wageni. Sura ya al-Maida, aya ya nane, yatuamrisha kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kwenye kutotenda haki. Wafasiri wameeleza kuhusu aya za sura ya an-Nisaa, kuanzia ya 105, kwamba ziliteremka Myahudi wa Madina aliposingiziwa wizi na watu waliojinasibisha na Uislamu, wahyi ukamtakasa. Na mama yetu Safiyya bint Huyayy, radhi za Allah ziwe juu yake, alilia alipoambiwa kwa kejeli kwamba yeye ni binti wa Myahudi. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumwambia aufiche ukoo wake. Alimkumbusha kwamba anatokana na Mitume, na kwamba ni mke wa Mtume. Tusi lile lile alilolilia Mama wa Waumini ndilo tunalolisikia leo vibarazani kama kwamba ni neno jepesi.

Darsa iliyofuata tulimrudishia msichana wetu majibu haya, naye aliyaandika katika daftari lake. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba mzani wa dukani una sahani mbili, na muuzaji anayeuchezea hujulikana kwa kuwa hapendi wewe uuguse. Tumewaomba akina mama wa darsa wamalize mwezi huu na jambo moja: kila taarifa ya habari ikiisha, kabla televisheni haijazimwa, mtoto aulizwe amesikia neno gani juu ya watu gani, na je, angeridhika neno hilo likisemwa juu yake. Mkifanya hivyo nyumbani kwenu, tuleteeni habari ya mliyoyasikia. Wabillahi tawfiq.